MREJESHO: Lisbon kwa miguu, njia iliyofaa na iliyogoma

Wakuu, niliomba humu njia ya kuitembea Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa miguu bila kumalizwa na vilima. Asanteni sana wote mliojibu. Naleta mrejesho ili atakayefuata asianzie sifuri.

Ushauri uliofaa kuliko yote: panda kwa lifti, shuka kwa miguu. Lifti ya kwanza iko ndani ya jengo kwenye barabara ya Rua dos Fanqueiros, inakutoa barabara ya juu yake, Rua da Madalena. Vuka hadi Chão do Loureiro, ingia lifti ya pili kwenye jengo la maegesho. Ukitoka juu, ngome ya São Jorge iko karibu. Zote ni bure. Baada ya ngome ni mteremko: Portas do Sol na Santa Luzia, sehemu za kutazamia mji, kisha vichochoro vya Alfama, mtaa uliosalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la 1755. Humo ramani ya simu inayumba kwa sababu kuta zimebanana. Ukipotea fuata mteremko, utatokea mto Tejo.

Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika. Mawe ya chokaa ya njiani yamesuguliwa na nyayo, yakilowa yanateleza kama sabuni.

Kilichogoma ni kwenda Belém, mtaa wa magharibi mwa mji, kwa miguu kufuata mto. Ni kama kilomita 6 kutoka uwanja wa Praça do Comércio, kivuli haba, na kipande kirefu ni bandari na reli tu. Pandeni treni stesheni ya Cais do Sodré. Ila Belém msiiache: kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi 1498, limo kanisani kwenye monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango. Jumatatu panafungwa.