Seva ya nyumbani Wete, diski moja kati ya nne imekufa: nichomeke mpya au nisubiri?

bi_studio_wete

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa mwenye uzoefu wa seva ndogo za nyumbani. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili nisijibiwe nusu.

Ninapiga picha na video za harusi hapa Wete, Pemba. Kazi zote zimo kwenye HP ProLiant MicroServer N54L aliyoniachia kaka yangu alipohamia Maskati. Ina diski nne za TB 3 zilizounganishwa kwa RAID 5 (zinafanya kazi kama diski moja, na moja ikifa data haipotei), mfumo ni OpenMediaVault, na nimeshajaza kama TB 6. Asubuhi naiwasha, usiku nikimaliza kazi naizima, maana umeme wa TUKUZA, wa kulipia kabla, nalipa mwenyewe.

Tangu masika yaanze inanisumbua. Kwanza diski moja ilianza kugonga, tk tk tk, kisha ikapotea kabisa kwenye orodha. Sasa ukurasa wa RAID unasema imepungukiwa. Faili bado zinafunguka, ila kunakili ni kwa kusuasua. Tena kila umeme ukikatika, ikiwaka tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Skrubu za nyuma zina kutu.

Harusi za karibuni ninazo pia kwenye diski za nje. Za zamani zimo humu tu, kwa sababu kanda zenyewe za MiniDV zilishaota koga na hazichezi tena. Humo mna mabibi waliokwisha kufariki wakimtia mwari hina, mna Maulidi ya Homu, mna mchezo wa ng'ombe wa vijiji ambavyo wazee wake wote wamekwenda. Mtu akifiwa huja kwangu kabla ya arubaini kuuliza kama nina sura ya marehemu akicheka. Nataka niendelee kuwa na jibu la kuwapa.

Swali: jamaa wa Darajani, Unguja, ana diski mpya ya TB 3, anaweza kunipakilia kwenye boti. Nikiipata niichomeke tu ijijenge upya? Au mashine yote imefika mwisho ninunue nyingine?

kijana_wa_mtandao

Pole dada. Mimi ningeachana na chuma hicho. Lipia nafasi mtandaoni, pandisha kila kitu, lala usingizi. Mambo ya kutunza seva nyumbani kwenye hewa ya bahari ni kujitesa.

fundi_kwerekwe

Waalaykum salaam dada. Usichomeke hiyo diski. Inunue ukitaka, lakini isiingie humo bado.

RAID 5 iliyopoteza diski moja bado ina data yako yote, ila haina akiba tena. Ukiingiza diski mpya, mashine itaanza kuijenga, na ili ijenge ni lazima isome kila kipande cha zile tatu zilizobaki, pawe na faili pasiwe na faili. Hizo ni TB 9 za kusoma mfululizo bila kupumzika, joto likiwa juu, kwa diski zilizofanya kazi saa zile zile na iliyokufa na kuvuta hewa ile ile ya chumvi. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwamba kosa moja lisilosomeka huweza kutokea katika kila biti 10^14, yaani kama TB 12.5. Diski yenye afya hufanya vizuri kuliko maandishi hayo. Za kwako hatujui hali yake, na diski ya pili ikianguka katikati ya ujenzi, RAID 5 haina tena pa kusimama.

Kwa hiyo kwanza tunatoa mali ndani ya nyumba, ndipo tunatazama nyumba.

Kijana, shauri lako lina mahali pake, lakini piga hesabu. TB 6 kwa mtandao unaopandisha Mbps 10 ni kama siku 55, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata mara moja. Mashine hii haina siku 55.

Dada, tafuta diski ya nje ya TB 8, na usiichomeke kwenye seva. N54L ina USB 2 tu, na USB 2 hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, utakaa karibu siku mbili. Ichomeke kwenye laptopu yenye USB 3, halafu unganisha laptopu na seva kwa waya wa mtandao, Wi-Fi iache. Kadi ya mtandao ya mashine hiyo ni ya gigabiti. Ikiwa na afya utapata kama MB 100 kwa sekunde, sawa na saa 17. Kwa hali yake ya sasa itakuwa polepole zaidi, iachie. Anza na zile za MiniDV ambazo hazina pengine. Harusi za karibuni ziwe mwisho. Usihariri kitu humo wala kufuta, na usiku usiizime mpaka umalize: diski mgonjwa ikishapoa, pengine haiamki tena.

Kabla ya kuanza, andika smartctl -a (amri inayoonyesha afya ya diski) kwa kila diski utuletee mistari yenye namba 5, 9, 197, 198 na 199. Ni kazi ya dakika chache.

bi_studio_wete

Ahsante sana fundi. Nimeanza kunakili zile za zamani. Namba ni hizi:

Diski ya kwanza: saa 41,180, mengine yote sifuri.
Ya pili ndiyo iliyokufa, haijibu.
Ya tatu: 197 ni 16, 198 ni 16.
Ya nne: 199 ni 2,314, mengine sifuri.

Ya nne ndiyo imenitisha kwa ukubwa wa namba. Ndiyo inayofuata kufa?

fundi_kwerekwe

Hapana, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu watu wengi hutupa diski nzima kwa namba hiyo.

199 huhesabu data iliyoharibika njiani, kati ya diski na ubao. Sahani za diski hazihusiki. Hapo mshukiwa ni waya au meno ya kuchomekea, na kwa kutu uliyoitaja sishangai. Ukishanakili yote, izime, itoe, safisha meno yake kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, acha ikauke kabisa, rudisha. Namba haitashuka, haishuki kamwe. Angalia kama inaendelea kupanda.

Ninayoiogopa ni ya tatu. 197 ni vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na inangoja kuviamulia. Kumi na sita ni kidogo kwa kutazama, lakini ungeanza kujenga upya jana, ujenzi ungekwenda kugonga pale pale, na hakuna diski ya akiba ya kufidia. Ikitokea faili inakataa kunakilika, iandike jina uiruke uendelee. Usiirudie rudie, utaichosha bure.

mzee_wa_mkoani

Mwanangu, nimesoma kwa makini. Nilitunza rekodi za skuli kwa miaka mingi, na jambo ambalo sijaona likisemwa ni kwamba hiyo diski ya nje ikishajaa, isikae nyumba moja na seva. Paa likivuja au umeme ukirudi kwa kishindo, zote mbili zimekwenda. Ipeleke kwa jamaa, na ikiwezekana ivuke bahari. Nakala tatu, za aina mbili, moja mbali na nyumbani: kanuni hiyo ni ya zamani na sijaona iliyoishinda.

bi_studio_wete

Shikamoo mzee. Shangazi yangu yuko Jang'ombe, Unguja, nitampelekea.

Fundi, imekwisha kunakili. Faili za harusi mbili zilikataa, na alhamdulillahi zote ni za karibuni, ninazo kwenye diski za nje. Za MiniDV zimetoka zote. Nimefungua moja moja na kutazama mwanzo, kati na mwisho.

Sasa mashine nifanyeje? Na kaka wa Maskati anataka nifungue rauta ili awe anatazama harusi za nyumbani kutoka huko.

fundi_kwerekwe

Alhamdulillahi. Ulivyokagua ndivyo inavyotakiwa. Nakala ambayo haijafunguliwa sijui kama ni nakala.

Kisanduku chenyewe bado kina maisha. Badilisha betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao, tarehe itatulia. Tarehe ina uzito kuliko unavyodhani. Mfumo wako umejengwa juu ya Debian, aina ya Linux, na Debian hukagua RAID yote usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya mwezi, kama saa saba usiku. Kwako saa hiyo mashine imelala, na ikiwa macho haijui ni mwezi gani. Ndiyo maana vipande vibovu vya diski ya tatu vilikaa humo bila mtu kuambiwa. Iache iwake usiku ule mmoja wa mwezi, au mwambie ifanye kazi hiyo Jumamosi mchana.

Usirudi RAID 5. Chukua diski mbili za TB 8, ziwe kioo, yaani RAID 1. Ukubwa utapungua kidogo tu, kutoka nafasi ya TB 9 (ukubwa wa diski moja kati ya nne huenda kwenye akiba) mpaka 8, lakini kila diski itakuwa na data yote peke yake, na mashine ikifa unachukua moja unaisoma kwenye kompyuta yoyote ya Linux. Zinunue kwa wauzaji tofauti zisiwe za fungu moja. Na uliza kama ni CMR, yaani zinazopanga mistari ya data bila kulaliana. Zile za SMR hupanga mistari ya data ikilaliana kama vigae, na siku ya kujenga upya zitakuchosha sana.

Kuhusu mahali, isiwe kabatini wala kwenye ukuta unaotazama bahari. Wakati wa masika ni bora iwake kuliko izime. Joto lake dogo hufukuza unyevu. Weka UPS (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) yenye kurekebisha volti, na waya wake wa USB uingie kwenye seva ili programu ya NUT iizime kwa adabu umeme ukikatika. Betri za UPS huandikwa miaka mitatu mpaka mitano kwa nyuzi 25. Kwa joto letu usizitarajie zifike huko. Chomoa waya ukutani mara kwa mara ujaribu, kwa sababu betri iliyokufa haikwambii kitu mpaka siku unapoihitaji.

Kaka mwambie hapana kwa rauta. Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga maelfu ya seva za nyumbani zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wenyewe wakadaiwa fidia. Mwekee WireGuard, programu ya njia ya siri (VPN), kwenye simu yake, aingie kwa mlango wake mwenyewe. Nitakuandikia hatua ukishakuwa tayari.

bi_studio_wete

Diski mbili nimeshaagiza, moja Darajani, moja kwa muuzaji mwingine, na ya TB 3 nimeghairi. Betri nimeipata hapa hapa Wete dukani kwa fundi saa. Meno ya diski ya nne nimeyasafisha, tangu jana namba ya 199 iko 2,314 haijasogea. Ikisogea nitarudi kuandika hapa, na hatua za WireGuard nazingojea.