Mzee alianguka kwenye tarawehe, na geti limefungwa

Katibu_Likoni:
Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Likoni. Ramadhani iliyopita, katikati ya tarawehe, mzee wa safu ya pili alianguka. Tukamzunguka sote. Huyu anampepea kwa kofia, yule anamnyunyizia maji, mwingine ashaleta gilasi amnyweshe, na mzee hajitambui. Nikakimbilia geti la nyuma, ndilo linaloingiza gari. Lina kufuli, ufunguo anao mlinzi, mlinzi yuko safuni. Tukambeba kwa mkeka hadi kwenye tuktuk, na mbele yetu feri ya kuvukia kisiwani Mombasa. Hakufika. Mungu amrehemu.

Familia haijatulaumu hata kwa neno moja. Mimi ndiye nisiyelala. Mwezi uo huo tulichanga tukanunua zulia jipya, na hata plasta ya kidonda hatuna. Je, kisheria kamati yadaiwa nini? Na wenzetu mmejipangaje?

Wakili_Kizingo:
Waaleikum salaam, pole sana. Sura ya 34 ya sheria za Kenya yamtaka mwenye jengo achukue uangalifu unaofaa, mgeni asidhurike kwa hali ya jengo au yanayofanyika humo. Maradhi ya mzee hayakuletwa na msikiti. Lakini lile kufuli, ningekuwa wakili wa familia, ndilo ningeanza nalo. Angalieni pia usajili: msikiti usio na wadhamini waliosajiliwa kama shirika, wanaoshtakiwa ni viongozi kwa majina yao.

Muuguzi_wa_juu:
Kaka katibu, asiyejitambua hatiwi kitu mdomoni. Akiwa hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kwa taabu, mlazeni chali chini. Viganja katikati ya kifua, kandamizeni kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana kila dakika 2. Mwingine apige 999 au 112 wakati huohuo. Mimi huswali ghorofani kwa wanawake, na tuko wauguzi kadhaa. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Mzee_wa_Kanisa:
Sisi Changamwe tuliwaita wakufunzi wa Msalaba Mwekundu, wakawafundisha mashemasi na wanakwaya. Ufunguo wa geti hutundikwa msumarini kando ya mlango, ibada ikianza kufuli linatolewa.

Katibu_Likoni:
Ahsanteni. Kufuli nimelitoa leo baada ya alasiri. Dada muuguzi, kamati inakutana Jumapili baada ya isha. Njoo na wenzako, mtakaa mbele.