"Shiye tuko ba nani?" Naomba ushauri kuhusu timu ya besiboli

Mlinzi wa Kampemba

Jambo wakubwa, jambo wadogo. Niko Lubumbashi, nalinda depo ya saruji usiku, naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mpira wa Ulaya unaisha mapema. Usingizi unanijia saa saba usiku, mbwa wametulia, lori hazipiti tena, na saa hiyo ndiyo Marekani wako katikati ya besiboli. Nilianza kuifuata mwezi wa kumi 2024 na sijaiacha.

Video inakula mega, siiwezi. Nafungua ule ukurasa wa maandishi wenye kisanduku kidogo. Kila mrusho ni kidoti: kijani ukipita nje, chekundu ukihesabiwa kosa la mpigaji, bluu akiupiga ukaingia uwanjani. Vidoti hivyo vinanifikisha asubuhi.

Mechi ya kwanza niliyoifuata mpaka mwisho ilikuwa ya kufungua fainali (fainali yao ni mfululizo, anayeshinda mechi nne ndiye bingwa), Dodgers wa Los Angeles na Yankees wa New York. Awamu ya kumi, Yankees wanaongoza 3-2. Dodgers wamebakiwa na mtu mmoja wa kutolewa, akitoka wamefungwa, na besi zote tatu, vile vituo wanavyokimbilia ili kupata alama, zina watu wao. Anaingia Freddie Freeman, mguu wake mbovu kwenye kifundo. Kikatokea kidoti kimoja, bluu, halafu ukurasa ukakwama. Nilisimama kwenye geti na simu nimeiinua juu kutafuta mtandao, kumekucha, majogoo wanawika. Ulipofunguka: 6-3, mechi imekwisha. Mrusho ule mmoja aliupeleka nje ya uwanja, yeye na wale watatu wa kwenye besi wakaingia wote, alama nne. Nilipiga kelele mpaka dereva aliyelala ndani ya lori akatoka na chuma mkononi, akidhani wezi wameingia.

Sasa shida yangu. Nina binti wa miaka 9. Nikirudi asubuhi tunakunywa chai pamoja kabla hajaenda shule, namsimulia mechi ya usiku. Juzi akaniuliza: "Papa, shiye tuko ba nani?" Yaani, sisi ni wa timu gani? Sikuwa na jibu.

Maneno hayo ni ya marehemu papa yangu. Alikuwa mtu wa reli, na mtu wa reli hapa kwetu ni wa klabu ya mpira ya Saint Éloi Lupopo. Nikiwa mdogo, watoto wa Mazembe, wapinzani wetu wa hapa hapa jijini, wakinicheka mtaani, nilirudi nyumbani nalia, naye alisema: "Shiye tuko ba Lupopo, ku mvua na ku jua." Basi. Sikuchagua, nilipewa, kama jina. Usiku ule wa 2010 Mazembe walipocheza na Inter Milan fainali ya dunia ya klabu kule Abu Dhabi, papa alishangilia Mazembe, kwa sababu alisema leo jiji ndilo linacheza. Walifungwa 3-0 na alihuzunika kweli. Kesho yake akavaa njano na bluu yake akaenda kazini.

Kwenye besiboli hakuna aliyenipa timu. Ziko 30. Nikichukua Dodgers kwa sababu wanashinda, naona kama nimehama Lupopo kwenda kukaa mahali penye vikombe. Tena kuna jambo linanichanganya. Fainali ya 2025, mechi ya saba, Toronto walibakiza watu wawili tu kuwatoa wawe mabingwa, Miguel Rojas wa Dodgers akasawazisha. Mwenzangu wa zamu ya mchana alishafika, mimi bado niko getini na simu. Awamu ya 11 Will Smith akapiga nyingine ikavuka ukuta, 5-4, Toronto wamekwisha. Mpaka usiku ule nilidhani moyo wangu uko Dodgers. Lakini nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na uchungu wa Toronto.

Mtu mzima anachaguaje timu bila kujidanganya? Nataka kumpa mtoto jibu ambalo sitalibadilisha.

Kijana wa Kasapa

Papa, heshima kwako. Mimi ni Dodgers na sioni aibu. Unasema vikombe, mimi nakuambia tarehe 15 mwezi wa nne 1947. Siku hiyo Jackie Robinson aliingia uwanjani na jezi ya Dodgers, wakati huo wako Brooklyn, na mlango uliofungiwa watu weusi miaka na miaka kwenye ligi kubwa ukafunguka. Namba yake 42 ilistaafishwa na timu zote mwaka 1997. Kila mwaka tarehe hiyo wachezaji wote wa timu zote wanavaa 42. Timu iliyofanya hivyo wengine wakiogopa, mimi siwezi kuiacha kwa sababu eti ina pesa.

Na ukipenda mchezo wenyewe, yuko Ohtani. Mwaka 2024 alipiga 54 nje ya uwanja na akaiba besi 59, yaani alikimbilia besi ya mbele bila kungoja mpira upigwe. Hakuna aliyewahi kufika 50 kwa 50 kabla yake. Mwambie binti hilo, ataelewa.

Fundi Simu Katuba

Chochote utakachochagua, isiwe Yankees kwa ajili ya kofia. Nusu ya vijana wa Lubumbashi wanavaa ile NY na hawajui ni timu.

Tantine wa Bel-Air

Ndugu yangu mlinzi, pole na baridi ya usiku. Mdogo wangu wa kiume anaishi Chicago, ndiye aliyenitia kwenye jambo hili, na nikisoma habari za papa yako naona Chicago moja kwa moja. Jiji lile lina timu mbili, Cubs upande wa kaskazini, White Sox upande wa kusini, na watu wamegawanyika familia kwa familia kama sisi huku. Ukiuliza mtu yuko wa nani, umemuuliza amezaliwa wapi.

Cubs walichukua ubingwa 1908, halafu wakakaa miaka 108. Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa. Mwaka 2016, mechi ya saba kule Cleveland, wako sare, mvua ikanyesha, wakasimamisha mchezo dakika 17. Dakika 17 baada ya miaka 108! Wakarudi wakashinda 8-7 awamu ya kumi. Mdogo wangu alinipigia simu analia, mimi niko jikoni nasonga bukari, na mimi nikalia, wala sikuwa najua sheria hata moja.

Kuhusu saa, uwanja wao wa Wrigley Field uliwekewa taa mwaka 1988 tu, na mpaka leo mechi nyingi wanazicheza mchana. Mchana wao ni saa mbili na kitu usiku kwetu. Binti yako anaweza kufuata nawe siku ambazo huna zamu. Dodgers wakiwa kwao Los Angeles wanaanza saa kumi alfajiri yetu, na wewe unatoka kazini saa kumi na mbili. Utakuwa unaacha kila mechi katikati.

Mzee wa Reli

Mwanangu, nimesoma ulivyoandika kuhusu baba yako na imenibidi nivae miwani nisome tena. Na mimi nilikuwa reli. Huenda tulishika treni moja.

Hukuchagua Toronto usiku ule, ulimhurumia aliyeanguka mlangoni. Ni tabia nzuri, lakini timu ni kitu kingine. Jiulize ni habari gani unaweza kumsimulia mtoto asubuhi, wakiwa wameshinda au wamefungwa.

Mimi ni Pittsburgh Pirates. Pittsburgh ni mji wa chuma, sisi ni mji wa shaba: watu wa tanuru na moshi wanatambuana. Mtu wao mkubwa ni Roberto Clemente, mweusi wa Puerto Rico, namba 21. Waandishi wa magazeti walizoea kumwita "Bob" ili iwe rahisi kwao, naye alishikilia kwamba jina lake ni Roberto. Tarehe 1 mwezi wa tisa 1971 Pirates waliingiza watu tisa, weusi na Walatini watupu, haijawahi kuonekana kwenye ligi kubwa. Mwaka ule ule walichukua ubingwa. Mwaka 1972 akafikisha mapigo 3,000 kamili, na msimu ukaisha. Mwezi wa kumi na mbili tetemeko likabomoa Managua, Nicaragua. Alikusanya chakula na dawa, akasikia vitu havifiki kwa watu, akasema nitapanda ndege mwenyewe, nikiwepo havitapotea njiani. Sisi tunaoishi Kongo tunaelewa neno hilo. Usiku wa kuamkia mwaka mpya ndege ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Mwili wake haukupatikana.

Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kubwa pia ni wao: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tarehe 26 mwezi wa nne 2017. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli huko Randburg na waliishi chumba kimoja hapo hapo klabuni, mtoto akifungua mlango anaona uwanja. Mrusho wa mechi yake ya kwanza aliuletewa na Jon Lester wa Cubs (tantine anisamehe) na akaupiga akafika besi ya kwanza. Tena Pirates hao ndio waliomsaini kijana wa Uganda, David Matoma, mrushaji. Uganda ni hapa jirani.

Sasa nikuonye, nisije nikakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Ubingwa wa mwisho ni 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012, misimu 20 mfululizo, walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wana mrushaji anaitwa Paul Skenes, 2025 alipewa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, aliruhusu wastani wa chini ya alama mbili kwa mechi nzima. Lakini msimu huo alishinda mechi 10 na kupoteza 10, kwa sababu wenzake hawakupiga. Anafanya kazi yake safi, anakaa kwenye benchi anaangalia wengine wanashindwa. Ukiweza kuvumilia hiyo, karibu.

Kijana wa Kasapa

Mzee, habari ya Clemente sikuijua hivyo. Nabaki Dodgers, lakini nimeinama.

Mlinzi wa Kampemba

Asanteni wote. Nilichelewa kujibu, umeme ulikatika kwetu siku tatu na simu nilikuwa nachaji kazini.

Asubuhi ya jana nilimsimulia binti yangu zote. Robinson alimpenda, akataka kujua kama walimpiga. Ile mvua ya Cleveland alicheka sana. Nilipofika kwa Clemente aliacha chai. Akauliza: "Hawakumupata kabisa?" Nikasema hapana. "Na chakula?" Nikasema kilizama naye. Akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama wale watu wa Nicaragua walijua kwamba alikuwa njiani.

Mama yake alikuwa anasikiliza toka jikoni. Yeye ni mtoto wa Kamalondo, Mazembe damu, na mambo yangu ya besiboli hajawahi kuyaingilia. Akauliza rangi zao. Nikasema nyeusi na njano. Akasema nyeusi ni yake na njano ni yangu, basi hapo hatutagombana.

Mzee, nimefikiria misimu ile 20. Lupopo mara ya mwisho kuchukua ubingwa wa nchi ni 2009, na kila mwaka nimeenda uwanjani. Naweza. Na huyo Skenes nimemsoma usiku kucha, mechi kwa mechi ya 2025, mvua inapiga kwenye mabati, nikihesabu siku alizotoa alama moja tu na bado akafungwa. Nilikuwa nakasirika kama ni ndugu yangu. Nadhani nimeshaingia.

Leo jioni, wakati natafuta tochi yangu niende kazini, nimekuta daftari la hesabu la binti juu ya meza. Kwenye jalada ameandika 21 kwa biki, ameipitishia mara nyingi mpaka karatasi imetoboka kidogo kwenye mkia wa 2. Ameniuliza wanaanza lini. Nimemwambia mwisho wa mwezi wa tatu.