Kati ya uinjinia na hesabu tupu, gani itamkalia mtu ngumu?

Kijana wa Section 58 (Nakuru):
Wadau habarini. Mdogo wangu alipata A ya hesabu KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na A- ya fizikia, sasa tunapanga maombi ya chuo kupitia KUCCPS na hii nyumba imegawanyika. Mzee anataka afanye uinjinia wa ujenzi, kijana mwenyewe anasema hesabu, hesabu yenyewe, si ya ualimu. Shangazi anasema hesabu ni somo moja tu kwa hivyo ni rahisi, jirani naye anaapa kwamba huko watu wanarudia mitihani kila mwaka. Mimi nilisomea biashara siwezi mshauri. Mliopitia, ugumu wenyewe uko wapi?

Fundi Lurambi:
Nilifanya sivil, huo uinjinia wa ujenzi, miaka mitano. Kwetu kinachochosha ni wingi wa kazi. Wiki moja una michoro ya kumaliza, una labu ya kuvunja vipande vya zege vya siku 7 na vya siku 28 na ripoti yake, na asubuhi kuna mtihani wa mwendo wa maji. Hesabu ziko nyingi lakini kila moja ina mahali inaenda, mfano boriti ya mita 6 imekalia nguzo kila ncha na imebeba kilonewtoni 20 kila mita, unachukua mzigo mara urefu mara urefu gawanya kwa 8, unapata kilonewtoni-mita 90 za kuikunja, unajua nondo itawekwa kiasi gani. Darasani kwetu kulikuwa na jamaa alitufunza kalkulasi sisi wote, na ni yeye aliangushwa na michoro, hakuwa na subira ya vitu vidogo vidogo. Na angalieni kwanza kama hiyo kozi imekubaliwa na Engineers Board of Kenya, kama haiko kwa orodha yao kusajiliwa kuwa injinia ni shida, tafadhali hii msiipuuze.

Mwalimu Kondele:
Shangazi amekosea, na namwambia kwa heshima. Nilifanya hesabu miaka minne huku Kisumu. Mwaka wa kwanza ni kama sekondari iliyoongezwa mwendo, halafu wa pili wanakuletea analisisi, yaani kuthibitisha kalkulasi kutoka msingi, na swali ni mstari mmoja, "thibitisha". Kalkuleta haikusaidii, fomyula hakuna. Mimi nilikaa usiku mzima na mstari mmoja nikalala bila kitu. Mwaka 1872 Weierstrass, mwanahisabati Mjerumani, alionyesha mstari usiokatika popote lakini kila nukta yake ni kona, huwezi kuupata ulaini hata ukikaribia vipi, na siku uliyofunzwa huo ndio unajua macho yako hayatoshi tena, lazima uandike kila hatua na sababu yake. Waliopata A kwa kukariri karatasi za zamani waliumia sana hapo, na hawakuwa wajinga hata kidogo.

Mpe huyo kijana swali hili, asiguse simu: namba za praimu, zile hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, athibitishe hazina mwisho. Usiangalie kama amepata. Angalia kama baada ya saa mbili bado anataka kukaa hapo.

Kijana wa Section 58:
Mwalimu nilimpa jana jioni. Chai ilipoa, saa tano usiku akaniamsha. Anasema tuseme ziko chache, zizidishe zote uongeze 1, hiyo namba mpya haigawanyiki kwa yoyote kati yake, kwa hivyo nayo ni praimu mpya. Mzee ameisoma asubuhi mara mbili, hajasema kitu, ila ameuliza hiyo digrii ni miaka mingapi.

Mwalimu Kondele:
Huyo kijana ana kitu. Lakini mwambie azidishe 2, 3, 5, 7, 11 na 13 aongeze 1, apate 30031. Hiyo si praimu, ni 59 mara 509. Wazo lake ni zima, sentensi ya mwisho tu ndio imevunjika. Airekebishe mwenyewe, usimwambie vipi, halafu uje utuambie.