ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au mpya ya RAM 4GB: ipi kwa mwanafunzi wa upimaji ardhi?

BintiSinza:
Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu anaanza upimaji ardhi pale Chuo Kikuu Ardhi. Bajeti laki nane na nusu, haiongezeki. Nimebaki na tatu: mpya ya dukani (prosesa Celeron N4020, RAM 4GB, hifadhi ya eMMC 64GB), ThinkPad T480 ya mtumba (prosesa i5-8350U, RAM 8GB, hifadhi ya SSD 256GB), na EliteBook 840 G5 ya mtumba yenye sifa hizohizo. Atatumia AutoCAD (ya kuchora) na ArcGIS Pro (ya ramani). Mtumba unanitisha kwa sababu ya waranti.

Mkokotozi:
Dada, hiyo mpya iondoe leo hii. eMMC imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, na 64GB ndicho kima cha chini kabisa cha Windows 11. Akishaweka Office na faili za masomo, sasisho kubwa la Windows linakosa pa kukaa na kuanza kufeli kila likijaribu. ArcGIS Pro inaanzia RAM 8GB, na prosesa yake ya N4020 ina viini viwili tu. Waranti ni nzuri, ila haitafanya programu ifunguke.

Wa_Tabata:
Vipi MacBook Air M1? Chaji inakaa sana.

Mkokotozi:
Kwa kozi hii hapana, mkuu. ArcGIS Pro na Civil 3D (ya usanifu wa barabara na ardhi) hazina toleo la Mac. QGIS (ya ramani, ya bure) inakubali, lakini mwalimu akitoa zoezi la ArcGIS Pro atakwama. RAM yake pia haiongezwi.

FundiBodi:
Kati ya T480 na G5, prosesa ni ileile na zote zina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4. Mimi nachukua T480 kwa ajili ya betri. Ina mbili: ya ndani, na ya nje inayochomoka kwa mkono bila kuzima mashine. Ya nje ipo ndogo yenye uwezo wa Wh 24 na kubwa ya Wh 72. Umeme ukikatika mtaani, hiyo kubwa inamfikisha mbali. Betri ya G5 iko ndani, mpaka ufungue mfuniko wa chini.

Lakini T480 ina mitego. Wa kwanza ni kioo: nyingine ni 1366×768, na kwenye AutoCAD menyu zinakula nafasi ya mchoro. Ingia kwenye mipangilio ya kioo uone mwenyewe 1920×1080. Wa pili ni tundu la USB-C. Programu ya ndani inayoendesha tundu hilo (Thunderbolt) ya toleo la zamani ina hitilafu inayoweza kuua tundu, mpaka likatae hata kuchaji. Lenovo walitoa sasisho. Liwekwe siku ya kwanza. Wa tatu: ukiletewa T480s ukaambiwa ni ileile, kataa. T480s ina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na nafasi ya kuongeza ni moja tu.

Kigezo:
Naongezea ukaguzi wa dukani, maana Kariakoo mashine inafutwa vizuri ikang'aa.

Iwashe huku ukibonyeza F1 kwa T480 au F10 kwa EliteBook. Ikidai nenosiri la BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), irudishe. Kwenye ThinkPad kuchomoa betri ndogo ya bodi hakulifuti. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa awali na uliobaki. Chini ya asilimia 70, dai betri nyingine au punguzo. Afya ya SSD isome kwa programu ya CrystalDiskInfo. Bonyeza kila herufi kwenye Notepad. Mwisho chomoa chaja, cheza video dakika 20 ukisikiliza feni: ikivuma mfululizo kwa kazi nyepesi hivyo, huenda vumbi limejaa au pesti ya prosesa imekauka. Kwa joto la Dar mashine hiyo itajipunguzia kasi yenyewe, na mtu atadhani ina virusi.

Soma pia namba ya prosesa. i5-7300U ni kizazi cha 7, haimo kwenye orodha ya Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025.

BintiSinza:
Asanteni sana. Basi T480 yenye kioo cha 1920×1080. Chenji ikibaki, niongeze RAM au SSD?

FundiBodi:
RAM kwanza, dada. Ikikutwa na 8GB moja, ongeza nyingine ya 8GB badala ya kununua moja ya 16GB. Chipu yake ya picha, UHD 620, haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine, na RAM zikiwa mbili data inapita njia mbili kwa pamoja. Kabla fundi hajagusa RAM, azime ile betri ya ndani kupitia BIOS na kuchomoa ya nje.