Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wa vichimbakazi, Ireland ya leo: Fate, Changeling au D&D? Naomba ulinganisho

Kasri_la_Dadu (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Naandaa kampeni (hadithi moja inayochezwa vikao kadhaa) ya vichimbakazi wa Ireland, ila ya zama hizi: barabara kuu, simu, mkopo wa nyumba. Mapanga hamna. Nimebaki na mifumo 3. Fate ni ya bure, Changeling: The Lost nitanunua, D&D (Dungeons and Dragons) toleo la 5 vitabu ninavyo tayari. Nataka kulipia wiki hii. Upi unabeba ngano hizi vizuri?

Nondo16
Swali nusu hilo mkuu. Wachezaji wangapi, na wameshacheza nini? Mnakaa meza moja au mtandaoni? Vikao vingapi? Wahusika ni binadamu wa kawaida au nao wana asili ya kilimani, kwa vichimbakazi wenyewe? Hilo la mwisho ndilo linaloamua, maana Changeling: The Lost (ilitoka 2007) imejengwa juu ya watu waliotekwa na vichimbakazi, wakatoroka, wakarudi wakiwa wamegeuka. Kama wahusika wako ni mpima ardhi na muuguzi wasiojua lolote, utalipia kitabu kizima utumie nusu.

MamaVikao
Nakazia. Na lugha je? Hao watu wako watasoma kanuni za Kiingereza kurasa 300? Fate iko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuitafsiri na kuchapa karatasi za wahusika kwa Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa, mradi utaje chanzo. Kanuni za msingi za D&D, zile SRD 5.1, nazo ziko hivyo tangu Januari 2023. Changeling ni kitabu cha kuuzwa, tafsiri yake huwezi kuigawa ovyo.

Pembe_Ishirini
Vitabu anavyo, mnamtuma dukani kufanya nini? Toleo la 5 lina viumbe wa fey, yaani vichimbakazi, tayari. Chukua takwimu zao, wavalishe koti na viatu, upanga uwe bisibisi, kazi imekwisha. Mfumo ambao meza inaujua unaushinda mfumo bora ambao hawaujui.

MwikoKwanza
Pembe, hapo ndipo kampeni hizi zinapofia. Ipo moja iliendeshwa hivyo hivyo, toleo la 5, Kaunti ya Clare ya leo. Wahusika 4, barabara mpya inakuja, na kichaka cha miiba kimekaa katikati ya njia. (Wazo halikutoka hewani. Mwaka 1999 huko Latoon, Clare, msimulizi wa ngano Eddie Lenihan alipigania kichaka cha namna hiyo kisikatwe, na barabara ikajengwa chenyewe kikaachwa.) Msimamizi (anayeendesha mchezo) aliandika kanuni moja ya mstari mmoja: chuma humpa kichimbakazi madhara maradufu. Bwana wa kilima akapewa pointi za uhai 45.

Kikao cha 1 kilikuwa kizuri, watu wananong'ona. Kikao cha 2 mchezaji mmoja akauliza duka la vifaa vya ujenzi linafungwa saa ngapi. Wakanunua misumari kilo 2 na vipande 4 vya nondo, wakakizungushia kichaka, wakamwita bwana wa kilima, raundi 3 yuko chini. Kikao cha 3 watu walikaa wakatazamana. Hakuna kilichobaki cha kuogopa.

Tatizo halikuwa wachezaji, walitumia walichopewa. Ukimpa kiumbe pointi za uhai umeshawaambia anauawa. Tena mji wa leo wote ni chuma: gari, lifti, nondo ndani ya zege. Ukikifanya silaha, wa kilimani wameshindwa kabla hujafungua daftari. Kwenye ngano chuma hakiui, kinalinda mlango. Koleo la moto liliwekwa juu ya kitanda cha mtoto asije akabadilishwa, yaani wa kilimani wamchukue na kuweka wao mahali pake. Aliyeingia kilimani kumfuata mwanawe alichomeka kisu mlangoni usimfungie ndani. Kanuni inayoshika ni hii: chuma hulinda kizingiti 1 kwa usiku 1, lazima kiwekwe kwa mkono na kwa nia, na aliyezuiwa anajua nani kaweka. Gari linalopita barabarani halikuwekwa na mtu kumzuia yeyote, halihesabiki.

Kasri_la_Dadu
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Wachezaji 4, wawili hawajawahi kucheza kabisa. Ana kwa ana, saa 3 kila kikao, vikao 6. Wahusika ni binadamu. Dadu tulizonazo ni za ludo.

BintiKizingo
Basi Changeling itoe. Si mbaya, ila inataka rundo la dadu za pande 10, na ladha yake iko kwenye kuwa mtoro.

Kwa vikao 6 chukua Fate Accelerated. Mhusika ana njia 6 tu za kutenda: moja +3, mbili +2, mbili +1, moja 0. Mgeni anamaliza karatasi yake chai haijapoa. Dadu ni 4, na za ludo zinatosha: 1–2 ni kutoa moja, 3–4 ni sufuri, 5–6 ni kujumlisha moja. Matokeo hukaa katikati. Sufuri hutoka mara 19 katika 81, +4 mara 1 tu katika 81. Kwa hiyo mwenye +3 unamtegemea, na kinachompindua ni aspekti, yaani maneno machache yanayomweleza mhusika au hali, yanayoweza kumsaidia au kumkaba.

Sasa ahadi iwe aspekti. Kata A4 vipande 4, kila kipande kadi moja. Mstari wa kwanza andika ahadi neno kwa neno kama ilivyotamkwa mezani, usiandike alichokusudia mchezaji. Chini yake nani kaahidiwa, kisha inakwisha lini. Msimamizi akitaka ahadi imkabe mtu, anamsogezea pointi 1 ya Fate. Akikubali anaichukua pamoja na matata yake, akikataa analipa 1 ya kwake. Anaanza kikao na 3, kwa hiyo akikataa mara 3 amefilisika, na mara ya nne hana cha kukatalia. Kosa la kawaida ni kugawa kadi kama karanga. Zikizidi 2 kwa mtu hakuna anayezisoma.

Nondo16
Kizingo, umesahau ugonjwa wa Fate kwa wageni: unamwambia abuni aspekti, anaandika "Jasiri". Jasiri haimkabi mtu wala haimsaidii. Inabidi msimamizi akae nao mmoja mmoja hadi iwe "Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye kijiji kizima kinamdai fadhila".

Mimi ningeingia familia ya mifumo iliyotokana na mchezo wa Apocalypse World. Dadu 2 za pande 6, mgeni haulizi kitu. Ukipata 6 kushuka, mambo yanaharibika. 7–9 umefaulu kwa gharama. 10 kwenda juu umefaulu safi. Mwenye +1 ya kujumlisha kwenye dadu anaharibikiwa asilimia 28, anafaulu kwa gharama asilimia 44, safi asilimia 28. Hiyo 44 ndiyo hadithi ya vichimbakazi yenyewe: unapata ulichoomba, na bili inafuata. Urban Shadows ya familia hiyo ina kanuni za madeni zilizokwisha tengenezwa, nani anamdai nani, kadi za kukata huzihitaji.

Pembe_Ishirini
Aliuliza 3, mnampa ya 4.

Mwambao_Huru
Na mimi nauliza la 5. Ireland ya nini? Tuna majini, tuna vibwengo, tuna mibuyu isiyokatwa, tuna Popobawa aliyewalaza watu nje Pemba na Unguja mwaka 1995. Weka Mombasa ya leo, badilisha majina, wachezaji wataogopa kweli.

MwikoKwanza
Majina ukibadilisha, kanuni zote zinakataa. Jini ana dini yake, huingia mtu, hupanda kichwani, hutaja jina lake na kudai ngoma, ubani na chano, na mganga anajadiliana naye papo hapo mbele ya watu. Wa kilimani hawaingii mtu, wanamchukua. Wanampeleka kwao, anakula, saa inapotea. Hizo ni injini mbili tofauti. Tena mezani utakuwa na mtu ambaye jini kwake ni jambo la imani, wala hana nia ya kulirushia dadu. Muulize kwanza.

Kinachofanana ni kutowataja. Wairishi wa zamani husema "watu wema", kama mtu wa pwani anavyosema "wenyewe". Hiyo ifanye kanuni: mchezaji akitamka jina la aina yao akiwa ndani ya uhusika, msimamizi anaweka punje 1 ya mahindi kwenye kikombe bila kusema neno. Zikifika 6, wamesikia.

Mwambao_Huru
Sawa, ila kisimamie kwa Kiswahili. "Kichimbakazi" kinatosha, msituletee "fey" kila sentensi.

MamaVikao
Nirudi kwenye jambo zito kidogo. Kama utaweka mtoto au mke aliyebadilishwa, ongea na meza kabla. Machi 1895 huko Ballyvadlea, Tipperary, Bridget Cleary alichomwa na mumewe Michael aliyedai kwamba huyo si mkewe bali wa kilimani. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Ngano ya kubadilishwa mara nyingi ilimwangukia mgonjwa au mlemavu. Weka kadi yenye alama ya X katikati ya meza, anayeigusa tukio linarukwa, bila maswali. Na usiandike kamwe fumbo ambalo jibu lake ni kumtesa mtu mpaka "wa kweli" arudi.

BintiKizingo
Nakubaliana na dada. Mimi ningeweka waliopotea wakarudi, na hapo angalia muda. Oisín, shujaa wa ngano za Ireland, alikaa kwao miaka 300, Thomas wa Erceldoune wa ngano za Uskoti 7. Kwenye kampeni ya leo miaka 7 inaua kila kitu: kazi imekwenda, nyumba imepigwa mnada, simu haina laini. Rusha dadu 2: 2–6 ni usiku mmoja, 7–9 siku 7, 10–11 mwezi, 12 mwaka na siku moja. Hiyo 12 iruhusu kikao cha mwisho tu. Na wote waliopo mezani waingie kilimani pamoja, la sivyo mmoja atakaa saa 2 anakula njugu.

Kasri_la_Dadu
Na simu? Mtu akipiga picha au video?

Nondo16
Picha haijawahi kumaliza ubishi. Cottingley, Uingereza, 1917, wasichana Elsie Wright na Frances Griffiths walipiga picha za vichimbakazi. Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes, akazitoa kwenye jarida la Strand mwaka 1920, wakubwa wakaamini. Ilipofika 1983 ndipo wakakiri kwamba ni michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini za kofia. Geuza hiyo iwe kanuni: kila picha ya kweli ina maelezo mengine ya kawaida, na anayeirusha mtandaoni anapata deni.

Pembe_Ishirini
Mnasahau kwamba vichimbakazi hawawezi kusema uongo. Hiyo peke yake inaendesha kampeni, mfumo wowote.

MwikoKwanza
Hiyo imekolezwa sana na riwaya za siku hizi. Kwa Thomas aliyefungwa ulimi usiseme uongo ni binadamu, zawadi ya malkia wa kilimani, na hakuipenda. Ukitaka itumie, lakini mpe mchezaji. Inauma zaidi.

Kasri_la_Dadu
Nimeelewa nusu na nimechanganyikiwa nusu. Changeling naisogeza pembeni. Kati ya Fate na hiyo ya madeni nitajaribu zote mbili kwa tukio moja la dakika 40, kichaka na mpima ardhi, nione wageni wanakwama wapi. Swali moja: mhusika akimkaribisha wa kilimani chakula, kijiko cha chuma cha pua (kile kisichoshika kutu) kinahesabika?

BintiKizingo
Chuma cha pua cha vijiko ni chuma kwa takriban asilimia 70. Kinahesabika.

Nondo16
Sumaku haishiki vingi vyake. Hakihesabiki.

MwikoKwanza
Kimewekwa kumzuia au kumlisha? Rudi kwenye nia.

Mwambao_Huru
Sufuria ya aluminiamu basi je?