Bahari ikipanda, Kisumu tutaguswa?

Nyar_Dunga: Wasee, kuna jamaa hapa kazini anasema bahari ikipanda Ziwa Victoria pia litajaa, eti ndio maana Dunga na Nyalenda hufurika. Ni ukweli ama ananichezea akili?

Wa_Naks: Anakudanganya. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji hayapandi mlima hivyo. 2020 lilifurika juu ya mvua, likavunja rekodi ya 1964. Hata huku Nakuru ziwa lilimeza manyumba Mwariki na bahari iko mbali kabisa.

Otis_K: Noma ni pale ardhi yenyewe inazama. Jakarta kule Indonesia wamevuta maji ya visima miaka na miaka, udongo wa chini ukajibana, sehemu za kaskazini zimeshuka zaidi ya mita 2 na bahari nayo inapanda, mpaka 2019 serikali ikatangaza mji mkuu utahamia kisiwa cha Borneo. Kuta wanajenga lakini bila kufunga visima mi naona ni kazi bure.

Nyar_Dunga: Kumbe! Na Mombasa?

Otis_K: Hao sasa bahari inawahusu, wasikate mikoko, ndiyo inapunguza nguvu ya mawimbi